Mtindi Usiokaa Meza Moja na Samaki

Nimestaafu. Wenzangu wa kiwandani wamenipa saa ya ukutani, kana kwamba sasa ndiyo nitahitaji kujua ni saa ngapi, na wakaniomba niwaandikie machache vijana mnaobaki na sufuria zangu. Nimekubali haraka. Nisipoandika mimi ataandika mtu mwingine, na ataandika vibaya. Vyeo sitavitaja, na mishahara haina haja ya kutajwa kwa sababu ilishaliwa. Nitaeleza kazi ilivyokuwa, na hasa kisa cha Bi Zuhura wa Kigombe, ambacho wengi wenu mmekisikia nusu nusu kwenye chai na kila mmoja ameongeza chumvi yake.

Mimi ni mtoto wa Mabawa. Mama alikuwa anauza bajia barazani, na hakuna aliyetegemea kwamba binti yake angekuja kuitwa na madaktari kuulizwa maswali. Shule niliishia pale walipoishia wasichana wengi wa mtaa wetu, nikaenda Maskati kufanya kazi za ndani. Siku yangu ya kwanza kazini, kwa hiyo, siihesabu ile niliyovaa koti jeupe. Naihesabu siku niliyoingia jikoni kwa Bibi Salma.

Bibi Salma alikuwa ajuza wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Asubuhi ile hakunionyesha ufagio wala pasi. Alinipa bakuli la mtindi wa jana, limefunikwa kitambaa, akasema, "Mtindi huu una umri mkubwa kuliko wewe. Mama yangu aliuanza, mimi nimeulea. Ukifa mikononi mwako, na wewe utarudi kwenu."

Nikamwuliza, "Bibi, mtindi unakufaje?"

"Hilo ndilo swali la kwanza la maana uliloniuliza tangu ufike," akasema. Nilikuwa nimefika usiku wa jana na nilichokuwa nimeuliza ni choo kiko wapi.

Kwake nilijifunza yote ambayo baadaye chuo kilinifundisha kwa majina marefu. Maziwa yachemke, kisha yapoe mpaka kidole kidogo kivumilie bila kuungua. Uweke mbegu ya mtindi wa jana, kijiko tu, ukoroge mara moja na usiguse tena. Ufunike, uache palipo na joto, usitembeze bakuli kama mtoto anayelia. Usimalize mtindi wote hata wageni wakiwa wengi, lazima ubaki wa kesho. Na siku ya samaki, mtindi hautoki jikoni. Hilo la mwisho sikuhitaji kufundishwa. Kwetu Mabawa mama angenipiga kofi la mkono kama ningenyoosha kikombe cha maziwa huku nimekula samaki. Alisema ungetoka mbalanga, yale mabaka meupe ya ngozi, na hata mume usingepata. Bibi Salma naye alisema hivyo hivyo, isipokuwa yeye hakujali mambo ya mume.

Niliporudi Tanga watu walitegemea nifungue duka la vitenge na manukato. Nilichukua akiba yangu nikaenda kusoma stashahada ya teknolojia ya chakula, darasani na watoto waliokuwa wananiita Shangazi. Mwalimu alipoanza kueleza kwamba mtindi hugandishwa na bakteria walio hai, wanaokula sukari ya maziwa na kuacha ule uchachu, wenzangu waliandika. Mimi nilikunja mikono. Nilikuwa nimewalea bakteria hao miaka, nilichokuwa sijui ni majina yao. Stashahada ile ipo sebuleni kwangu, kwenye fremu, na mgeni yeyote anayekaa kiti kile cha karibu na mlango hawezi kuikwepa. Kiti nimekiweka pale kwa makusudi.

Nikaajiriwa kwenye kiwanda kidogo cha maziwa hapa mjini. Mnajua wenyewe palivyo: maziwa yanafika alfajiri kutoka Muheza na milimani, yapokelewe, yapimwe, yachemshwe, na saa hiyo hiyo umeme unakatika. Vifaa nilivyokabidhiwa vilikuwa kipimajoto, laktomita ya kumjulisha mtu aliyeongeza maji kwamba tumemwona, na jokofu lililokuwa linanguruma kuliko lilivyokuwa linapoza. Kifaa cha nne nilikuja nacho mwenyewe, pua yangu. Laktomita hudanganywa na mtu mjanja. Mtu wa kuidanganya pua yangu sijamwona, na waliojaribu walirudi nyumbani na ndoo zao.

Mbegu ya kiwanda niliilinda kama Bibi Salma alivyonifundisha. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, niliiweka kwenye jagi, jagi kwenye ndoo ya barafu, nikapanda nayo bodaboda mpaka kwa muuza samaki mmoja wa Ngamiani mwenye jenereta. Vijana wa bodaboda walizoea. "Bi Rukia, leo mgonjwa anaendeleaje?" wakiniuliza. Nawaambia mgonjwa ni mzima, endesha taratibu. Kwa miaka yote niliyokaa pale mbegu haikufa mikononi mwangu hata mara moja. Hilo liwekeni akilini mtakapokuwa mnalalamika kuhusu jokofu jipya.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima kazini pale hospitali ilipotuletea Dakta Kamugisha. Alikuwa kijana wa Bukoba, mrefu, mwenye haraka, na alikuwa ameanzisha kliniki ya watu wenye uzito uliozidi. Alikuja kiwandani mwenyewe, akasimama mbele ya meza yangu, akasema anataka mtindi usio na sukari, usio na rangi, wenye bakteria hai. Nikamwambia hapo amefika, kwingine angepoteza mafuta ya gari.

Nawaeleza jambo lenyewe kama nilivyokuwa nikiwaeleza wagonjwa, maana nilikuwa naelezea vizuri kuliko yeye, na yeye mwenyewe alikiri. Ndani ya utumbo wa kila mtu kuna bakteria wengi kuliko watu wote wa dunia. Wengine ni wa faida, wengine ni wakorofi, wengi ni wapangaji tu. Wale wa faida hula mabaki tusiyoweza kuyasaga wenyewe, nyuzinyuzi za mboga, kunde, mbaazi, dona. Wakishakula hutoa vitu vinavyosaidia utumbo, na baadhi ya vitu hivyo huchangia kuuambia mwili kwamba umeshiba. Mtu anayekula chapati, soda na vya kukaanga siku zote huwanyima chakula, na waliobaki ni wale wanaopenda anachokipenda yeye. Wataalamu wameona kwamba bakteria wa mtu mnene sana mara nyingi hawafanani na wa mtu mwembamba. Nani anamfuata nani, unene au bakteria, bado wanabishana, na mimi sikuwahi kujifanya najua.

Mtindi hai unapeleka wageni wa faida. Hawakai sana, wanapita kama watu wa msiba, lakini wakija kila siku wanaweza kusaidia kiasi. Kwa uzito, msaada wao ni mdogo na haufanani kwa kila mtu. Kwa hiyo kila mgonjwa aliambiwa hivi: mtindi huu si dawa ya kukonda. Ni msaidizi. Kazi yenyewe iko kwenye sahani na kwenye miguu.

Waliambiwa, na kila mmoja akasikia alichotaka. Mama mmoja wa Chumbageni aliweka sukari vijiko vya kutosha harusi, akasema asali hakukatazwa, na sukari kwake ni ndugu wa asali. Mwingine, fundi cherehani, alikuwa anaupasha moto kila asubuhi ili kuondoa ubaridi, mpaka unatokota. Nikamwambia, "Baba, umewachemsha wote. Umekunywa maiti." Akauliza kama ni halali. Nikamwambia ni halali ila ni hasara.

Sasa Bi Zuhura.

Alikuja kliniki siku nilipokuwa nimepeleka chupa. Alikuwa mwanamke wa Kigombe, mkubwa wa umbo na wa sauti, anatembea kwa fimbo huku mkwewe Mwanahamisi amemshika upande wa pili. Nikampa shikamoo, akaitikia akiwa bado anatafuta kiti kitakachomfaa. Dakta Kamugisha akamwuliza anasumbuliwa na nini, akitegemea kusikia magoti, mgongo, pumzi.

"Nataka kusujudu," Bi Zuhura akasema.

Dakta akainua kichwa. Yeye alikuwa Mkristo na alidhani hakusikia vizuri.

"Nasali kitini, baba. Miaka sasa. Kurukuu nafanya ishara, sijida nafanya ishara. Kama nampungia mkono mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nikipiga goti siinuki, na nikiinuliwa naumwa wiki. Nimeambiwa magoti yamechoka kwa mzigo. Haya, mzigo wenyewe ni mimi. Nataka niweke paji la uso kwenye mkeka kabla sijawekwa mie mwenyewe chini. Basi. Kukonda nikawe kama msichana sitaki, nani atanitazama."

Mwanahamisi akacheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akaanza kurekebisha mtandio wake.

Dakta Kamugisha alimpima na kumchunguza vizuri. Akamwambia magoti bado yanaweza kumsaidia, ila mzigo upungue. Akamwandikia chakula na mazoezi ya kitini, akamwandikia na mtindi: kikombe mchana pamoja na chakula, kikombe jioni pamoja na chakula. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaandikia wote, maana alitaka mtindi ufike tumboni ukiwa na mboga na kunde. Kwa kitabu lilikuwa jambo jema. Mimi sikuwa nimeuliza wanaandikiwa wanywe wakati gani. Kazi yangu ilikuwa chupa, na chupa zilikuwa hazina dosari.

Ikapita miezi. Kliniki ikawa na wagonjwa wengi, na siku za kupima uzito kulikuwa na makelele kama soko la jioni. Nilikuwa napenda kukaa benchi la wagonjwa kusikiliza, maana humo ndimo unamojua kazi yako inakwendaje. Siku moja mama mmoja wa Bumbuli akatoka kwenye mzani akicheka, gauni linamning'inia. Nyuma yake akaingia Bi Zuhura. Alipotoka hakucheka.

"Mzani wenu unaumwa," akasema.

"Umesema nini, mama?" muuguzi akamwuliza.

"Umesema nimeongezeka. Mie nimeacha soda, nimeacha sambusa, nakunywa hicho kitu chenu kichungu kama adhabu, halafu ninaongezeka."

Mwanamke mwingine wa Pangani akadakia, "Shoga, hata mie. Dawa hii inatupenda."

Mzee wa Tongoni aliyekaa ukutani akasema na yeye hivyo hivyo, na kwamba suruali yake ndiyo shahidi. Wale wa Lushoto na Bumbuli walikuwa wanapungua. Wale wa Muheza wa mashambani, hali kadhalika. Wa Kigombe, Pangani na Tongoni ndio waliokuwa wanaongezeka. Niliwatazama nikawagawanya kwa macho, milima kushoto, pwani kulia. Jambo lenye mpaka ulionyooka namna hiyo halitokani na tamaa ya mtu mmoja mmoja.

Dakta Kamugisha na yeye aliona, akaniita ofisini.

"Bi Rukia, mtindi wako unakufa njiani."

"Unasema nini?"

"Barabara ya pwani ni joto. Ukifika kule ni maji machachu tu. Au wanatia sukari. Lolote kati ya hayo mawili, mimi siwezi kuendelea kuwapa watu kitu kinachowanenepesha. Kipimo kijacho kisipobadilika naufunga mpango wa mtindi. Na yule bibi wa Kigombe nitamwambia ukweli, kwamba kwa magoti yake azoee kiti."

Nimesikia mambo mengi kazini, lakini kuambiwa mtindi wangu umekufa ni kama kuambiwa nimemwacha mtoto barabarani. Sikubishana naye. Nilimwomba Bi Zuhura aniletee chupa moja aliyokuwa nayo nyumbani, ambayo ilikuwa imepita njia ile ile na joto lile lile. Nikachemsha maziwa mapya, nikayapoza, nikachukua kijiko kutoka chupa ile nikakifanya mbegu. Asubuhi maziwa yalikuwa yameganda yakakatika kwa kisu. Maiti haigandishi maziwa. Nikampelekea Dakta bakuli lile mezani, nikaweka na kijiko.

"Onja," nikamwambia. "Hauna sukari pia, kama utaniruhusu nitumie ulimi wako kama maabara."

Akaonja. Akakubali kwamba mtindi ni mzima. Alikuwa mtu mwungwana katika mambo ya ushahidi, hilo nitamsifu. "Basi ni nini?" akauliza.

"Nitakwenda kuuliza wanaoujua."

"Nani anaujua?"

"Anayempikia Bi Zuhura chakula cha mchana."

Gari letu la kusambaza maziwa lilikuwa linapita Kigombe kila linapokwenda Pangani. Nikapanda, nikashuka kwa Bi Zuhura karibu na adhuhuri, na sikumpa taarifa. Ukimpa mtu taarifa unapata chakula cha wageni, nami nilitaka kuona chakula cha kila siku. Alikuwa barazani, fimbo imeegemea ukuta.

"Hodi hapa. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunifukuza kliniki?"

"Nimekuja kula."

"Hilo sikatai. Mwanahamisi, ongeza sahani."

Mwanahamisi akaleta chakula. Kwenye sinia la watu wa nyumbani kulikuwa na ugali wa dona, mchicha, na samaki changu wa kuchoma aliyepakwa ndimu na pilipili. Harufu yake ilinifanya nisahau nilichofuata. Kisha akamwekea Bi Zuhura sahani yake peke yake: wali wa nazi, nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na mafuta yake yote, na chapati mbili zinazong'aa. Pembeni, kikombe cha mtindi wangu, umefunikwa na kitambaa cha maua.

Nikatazama sahani, nikatazama sinia. "Mama, mbona huli samaki?"

Bi Zuhura akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei uchi sokoni. "Na mtindi huu?"

"Mtindi umefanya nini?"

"Nimeandikiwa mtindi mchana na chakula, jioni na chakula. Sasa samaki nimle saa ngapi, mwanangu? Nile vyote viwili nitoke mbalanga? Niende kwa Mola wangu nina mabaka kama chui?"

Mwanahamisi akasema kwa sauti ya chini, "Tangu alipoanza dawa yenu hajaonja samaki. Akaona asikae na njaa, ndiyo tukaanza kununua nyama. Na nyama bila wali haimwingii."

"Mie wa Kigombe," Bi Zuhura akasema. "Nazaliwa nasikia harufu ya samaki. Nimeacha samaki kwa ajili ya sijida. Halafu mnaniambia naongezeka. Nilikuwa nalia juzi, Mwanahamisi atakuambia."

Nilikuwa nimekaa, lakini moyoni nilikuwa nimeshasimama. Watu wote wa upande wangu wa kulia, wale wa Pangani, wale wa Tongoni, walikuwa wamefanya jambo lile lile na hakuna aliyemwambia mwenzake wala daktari, kwa sababu kwao halikuwa jambo la kuambiana. Nani atamweleza mtu mzima kwamba maziwa na samaki havikai meza moja? Kila mmoja alikuwa ameondoa kwenye sahani kitu kizuri alichokuwa akila kila siku, akaweka mahali pake nyama ya mafuta, wali wa nazi na chapati, kisha akashushia na mtindi wangu kwa utiifu. Wale wa milimani samaki hawamwoni kila siku, kwa hiyo hawakuacha kitu. Dakta wa Bukoba, ambako mtu hula samaki na maziwa siku moja bila kufikiri, angejuaje? Alihitaji mtoto wa Mabawa mwenye stashahada, na bahati yake alikuwa naye.

"Mama," nikamwambia, "kuanzia kesho mtindi utakunywa alfajiri. Ukishasali, kabla ya chai, ukila na tango au kipande cha papai. Ukipita hapo mtindi umekwisha kwa siku hiyo. Mchana unakula samaki wako, mchicha, kunde, dona. Jioni hivyo hivyo kidogo. Nyama ya kukaanga na chapati zirudi kwenye Idi."

Akafikiri. "Alfajiri mpaka adhuhuri. Tumbo litakuwa limesahau?"

"Litakuwa limesahau kabisa."

"Unaniahidi kwa dhamana gani?"

"Kwa kazi yangu."

Akautazama ule mtindi, akanitazama, kisha akakisukuma kikombe kwa Mwanahamisi. "Upeleke jikoni. Na univutie changu huyu."

Alikula kama mtu aliyerudi safari. Mimi nilikula pia, na sitaficha kwamba nilichukua kipande cha kichwa.

Dakta Kamugisha hakufurahi mara moja. Alitembea huku na huku ofisini. "Hakuna ushahidi kwamba samaki na maziwa huleta mbalanga, Bi Rukia. Hata kidogo. Inabidi tuwaelimishe."

"Najua. Nimesoma na mimi."

"Basi imani hiyo tunaikubalije?"

"Dakta, unataka kushinda mjadala au unataka kilo zishuke? Ukiwaelimisha utamaliza mwaka, na watakuitikia ndiyo dakta, kisha wakirudi nyumbani wataacha samaki. Tumbo halijali kama mtindi umeingia alfajiri au mchana, kinachotakiwa ni uingie kila siku. Andika alfajiri."

Akasimama dirishani. Kisha akauliza, kwa udadisi tu wa kweli, "Wewe mwenyewe unakula samaki kwa mtindi?"

Nikamwambia nina stashahada, lakini pia nina ngozi.

Akacheka mpaka akakaa. Akabadilisha maelekezo ya wagonjwa wote wa pwani siku ile ile, na kuanzia hapo hakuwahi kuandika chakula cha mtu bila kuniuliza kwanza wa wapi huyu na anakula nini na nini. Vijana, hapa ndipo nataka mkae kidogo. Siku hizi mna vitabu vya bakteria vingi kuliko mimi, mna majina ya kila aina yao na mnayatamka vizuri. Lakini kabla mtindi haujafika utumboni unapita kwenye sahani, na sahani ina sheria zake. Muulize mtu anaacha nini ili ale ulichompa. Hilo swali ni langu, nawaachia bure.

Uzito wa Bi Zuhura ulianza kushuka. Polepole, si miujiza, na kuna mwezi harusi ya mpwa wake iliturudisha nyuma, lakini ulishuka. Wale wa Pangani na Tongoni nao. Siwezi kuwaambia kwamba ni bakteria peke yao waliofanya kazi, wala samaki peke yake, wala yale mazoezi ya kitini aliyokuwa akiyafanya huku anasikiliza redio. Mtu anayekuambia ni kitu kimoja tu anauza hicho kitu. Vilifanya kazi pamoja, na mtindi ulikuwamo.

Kijijini yakaanza maneno. Pwani yetu mtu akinenepa amepata neema, akikonda watu wanaanza kumtazama chini ya macho. Jirani mmoja akamfuata Bi Zuhura kisimani kabisa. "Bi Zuhura, una nini siku hizi? Umeisha."

"Nimeisha unene," akamjibu. "Mengine yote ninayo. Unataka nikuazime?"

Ikapita muda mwingine. Mwezi wa Shaabani ulipokuwa unakaribia kuisha, Mwanahamisi akanipigia simu. Bi Zuhura ananiita, akasema, na amekataa kusema kwa nini. Nilidhani magoti yamerudi kuuma. Nikapanda gari la maziwa.

Nilimkuta chumbani. Kiti chake cha kusalia kilikuwa kimesogezwa ukutani, na juu yake nguo zimekunjwa, kwa hiyo nikajua hakijatumika siku kadhaa. Chini mkeka ulikuwa umetandikwa kuelekea kibla, na alikuwa ameshavaa shela yake.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Kaa hapo mlangoni. Mwanahamisi ameshaniona juzi na jana, lakini yeye mkwe wangu, atasema tu ndiyo. Nataka aniangalie mtu anayejua kukosoa."

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Akaanza. Akasimama bila fimbo, akarukuu, akainuka. Kisha akashuka, goti moja, mkono mmoja ukishika ukingo wa kitanda, goti la pili, viganja vyote chini, na paji la uso likafika mkekani. Sikusikia hata mguno.

Akakaa humo. Nikasubiri ainuke. Hakuinuka. Nikaona mabega hayatikisiki. Nikaanza kufikiria magoti yamejifunga, damu, umri, joto la chumba, na jinsi nitakavyomweleza Dakta Kamugisha. Akaendelea kukaa. Mwishowe akainuka, taratibu, akaketi, akarudi tena chini mara ya pili, na mara hii alikaa zaidi.

Alipomaliza rakaa zote nne na kutoa salamu kulia na kushoto alibaki amekaa, akijifuta uso kwa pembe ya shela.

"Nilikuwa na mengi ya kumwambia," akasema. "Miaka yote nilikuwa namwambia nikiwa mbali." Kisha akageuka kunitazama. "Wewe nawe, ulidhani nimekwama."

Nikamwambia sikudhani hivyo hata kidogo. Lakini viatu nilikuwa nimeshavivua, na nilikuwa nimeshafika katikati ya chumba.